Dakika 15 mbele ya inveta: nani anachelewesha kazi?

Ugomvi huu upo karibu kila kiwanda chenye mota kubwa. Inveta, yaani kifaa kinachoilisha mota umeme na kudhibiti kasi yake, imegoma, umeme umekatwa, na fundi umeme anakataa kufungua kifuniko mpaka zipite dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko cha onyo. Kwa inveta ndogo huwa dakika 5 hivi, kwa kubwa 15 au zaidi. Msimamizi wa zamu, ambaye ndiye atakayeulizwa kwa nini mzigo haukutoka, anamwona mtu anayelipwa kwa kusimama.

Msimamizi ana haki yake. Si kila mkwamo unadai umeme ukatwe. Inveta nyingi za sasa zina STO, mfumo unaozuia mota isipate nguvu ya kuzunguka hata mtu akibonyeza kitufe cha kuwasha. Kwa kazi isiyogusa nyaya, kama kutoa kitu kilichonasa kwenye mkanda, mfumo huo unaweza kutosha, mradi umefungwa na kukaguliwa ipasavyo na hakuna mzigo unaoweza kushuka wenyewe. Tena, kukata na kurudisha umeme mkuu mara kwa mara huichosha inveta, hasa sehemu inayopunguza mkondo wakati kapasita zake, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, zinajazwa. Fundi anayezima kila kitu kwa kila dogo anastahili kuulizwa sababu.

Hoja hiyo, hata hivyo, inakomea kwenye kifuniko. STO haikati umeme. Mota inaweza kuwa imetulia kabisa na teminali zake ndani ya inveta zikawa na volti za kuua. Kitufe cha kusimamisha kinasimamisha mota, basi.

Hata swichi kuu ikishakatwa na kufungwa kwa kufuli, bado zipo kapasita, na hapa ndipo fundi asipoeleweka. Inveta inayolishwa na umeme wa fezi tatu wa volti 400 huugeuza kuwa DC, yaani umeme wa mkondo wa upande mmoja, ya takriban volti 540, na mota ikifungwa breki kiwango hicho kinaweza kupita 700. Chukua kapasita zenye jumla ya mikrofaradi 1,000. Kwa volti 540 zimebeba juli zipatazo 146. Mashine ya hospitali ya kushtua moyo mara nyingi huwekwa kati ya juli 120 na 200. Daktari huipeleka nishati hiyo kifuani kwa makusudi, akijua anachofanya. Fundi ataipokea mkononi bila kutarajia, na zipo inveta zenye kapasita kubwa mara kadhaa ya hizo.

Kinachoimaliza chaji ya kapasita ni resista, vipande vinavyoipitisha kidogo kidogo, zilizounganishwa sambamba nazo. Resista ya kiloomu 100 itahitaji takriban dakika 3 na sekunde 40 kuzishusha hizo mikrofaradi 1,000 kutoka volti 540 hadi 60, kiwango ambacho kanuni za kimataifa za inveta hukitumia kama mpaka wa DC. Hesabu hiyo ni ya resista nzima. Ikikatika kwa joto au uzee, chaji haina njia ya haraka ya kutoka, na inaweza kukaa muda mrefu sana kupita dakika za kwenye kibandiko. Skrini iliyozimika haisemi lolote kuhusu hilo: huzima pale volti zinaposhuka chini ya kile ambacho saketi ya ndani inahitaji ili ifanye kazi, na hiyo bado inaweza kuwa mamia ya volti. Kuna pia mota za sumaku za kudumu. Upepo ukizungusha feni yake, mota inazalisha umeme na kuzijaza kapasita upya, hata swichi ikiwa imekatwa. Hapo kusubiri peke yake ni bure. Shafti lazima ifungwe isizunguke.

Kwa hiyo dakika 15 ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima: mita inayofaa kwa volti hizo, ijaribiwe kwanza kwenye chanzo kinachojulikana, itumike kupima kati ya DC+ na DC−, kisha kila moja na ardhi, halafu irudishwe kwenye chanzo kile kile kuhakikisha haijafa katikati ya kipimo. Anayemharakisha fundi huwa anakata nusu hii, kwa sababu haionekani kwa mbali.

Malalamiko ya msimamizi yangepaswa kwenda kwa waliofunga mtambo. Muda mwingi hupotea kwa sababu swichi ya kukatia iko chumba kingine, haina mahali pa kufuli, au inveta imebanwa kabatini hata ncha za mita hazifiki kwenye teminali za DC. Dakika za kusubiri ziandikwe kwenye ratiba ya matengenezo kama sehemu ya kazi, na zamu ipangwe kwa hesabu hiyo.

Muda ukiisha na mita bado inasoma zaidi ya volti 60, hakuna kugusa wala kushotisha kwa bisibisi. Kifuniko kinarudishwa, onyo linaandikwa, na inveta inangoja mwenye vifaa na ujuzi wa kuimaliza chaji.