Mkono wa kulia umelala, mtoto ale kwa mkono gani?

Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwa jirani yangu hapa Kiborloni, Moshi, nikamtazama mjukuu wake wa miaka sita akifunga kifungo cha shati la shule. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kimelala ndani ya kiganja, vidole vinne vimekifunika. Alibana pindo la shati kwa kigasha cha mkono huo, akalikandamiza tumboni, halafu kwa mkono wa kushoto akaanza kukisukuma kifungo kwenye tundu lake. Kikachomoka. Akarudia. Kikachomoka tena. Bibi yake alisimama ameshika chupa ya chai, na nilimwona anavyojizuia. Gari la shule lilipopiga honi alishindwa: aliweka chupa chini, akafunga vifungo vyote vitano kabla sijameza funda la chai.

Mtoto huyo ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alipokuwa na miaka minne alilala mzima, akaamka mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia haviinuki, maneno hayatoki. Mtaani wengi walikataa kwamba ni kiharusi, kwa kuwa kiharusi tunakijua kuwa cha wazee wenye presha. Wakasema degedege, wakasema upepo mbaya. Lakini kiharusi huwapata watoto pia, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Bila kinga, karibu mtoto mmoja kati ya kumi wenye aina kali ya ugonjwa huo hupata kiharusi kabla ya kufikisha miaka 20. Moyo wenye hitilafu ya kuzaliwa na homa ya uti wa mgongo navyo huleta. Wapo pia wanaokipata tumboni au katika siku za mwanzo za maisha, na nyumbani hakuna anayejua hadi mtoto wa miezi sita aonekane anadaka kila kitu kwa mkono uleule. Watu humsifia kwamba atakuwa mashoto. Mtoto anayechagua mkono kabla ya kutimiza mwaka apelekwe kwa daktari, asisubiriwe.

Mara nyingi mguu hutangulia kurudi. Mtoto akitembea, hata kwa kuburuta kidogo, majirani huja kumshukuru Mungu na kusema amepona. Mkono hubaki nyuma, na mkono ndio unaobeba siku nzima ya mtoto mdogo: kula, kuvaa, kujisafisha chooni, kushika penseli, kudaka mpira.

Na mkono uliolala ukiwa wa kulia, kwetu huku kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya tiba vya ughaibuni havina sababu ya kuliandika. Tumelelewa kwamba kulia ni kwa chakula, kwa kupokea, kwa kumpa mkono mtu mkubwa. Kushoto ni kwa choo. Mtori na makande havina shida, kijiko kinashikwa kwa mkono wowote. Siku ya ugali ndiyo ngumu. Nimemwona mtoto huyu akinyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani, babu mmoja mgeni akamtazama, na ule mkono ukarudi chini ya meza. Hakula tena hadi mgeni alipoondoka. Naliandika hili kwa sababu liliniuma.

Basi kuna wanaosema mkono wa kulia ulazimishwe. Tusiwapuuze watu hawa, hoja yao ina uzito. Ubongo wa mtoto hujifunza kwa kutumiwa. Mkono usiopewa kazi husahaulika, misuli hukaza, kiwiko hujikunja, na baada ya miaka kadhaa hata kuvaa shati inakuwa vita. Ipo tiba inayojengwa juu ya hoja hiyo: mkono mzima huvikwa glavu nene au hogo kwa saa kadhaa kwa siku, kwa wiki kadhaa, ili mkono dhaifu usiwe na pa kujificha. Imefanyiwa utafiti na inasaidia. Bibi zetu wanaosema "tumia huo huo" hawakusomea tiba, lakini wamegusa kitu cha kweli.

Upande wa pili ni wale wanaosema mtoto aachwe atumie mkono unaofanya kazi, ale ashibe, acheze na wenzake, aandike. Nao wana haki. Mtoto wa miaka minne anayemwaga uji kila asubuhi mbele ya ndugu zake hujifunza kwamba meza ni mahali pa aibu. Tena kulazimishwa bila mtaalamu si tiba. Kumfunga mtoto mkono mzima kwa kanga kutwa nzima, kama nilivyowahi kusikia mzazi mmoja akijisifu, kunamnyang'anya mkono pekee alionao bila kumpa wa pili.

Mimi nimesimama wapi? Maisha ya kila siku yanataka mikono miwili. Kumenya ndizi, kufungua mfuniko wa chupa, kukunja nguo: mmoja unafanya, mwingine unashikilia. Mkono uliopooza huenda usirudi kuwa mkono wa kuandika, ila unaweza kuwa mkono msaidizi hodari. Kuna mazoezi ya namna hiyo, ambayo hayafungi mkono wowote, bali mtoto hupewa michezo na kazi zisizowezekana kwa mkono mmoja. Tafiti zilizolinganisha njia hiyo na ile ya kufunga mkono mzima, kwa watoto waliopooza upande mmoja, zimekuta kwamba saa za mazoezi zikilingana matokeo yanakaribiana. Kwa hiyo kinachoamua zaidi ni wingi wa saa, na saa hizo hazipatikani kliniki. Ziko jikoni.

Hapo ndipo mzigo unapoangukia mtu mmoja. Moshi tumejaliwa: hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hutibu na papo hapo hufundisha wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo, wale ambao kazi yao hasa ni kumrudisha mtu kwenye kula, kuvaa na kucheza. Lakini mama anayetoka Rombo au Same na mtoto mgongoni hawezi kuja kila wiki. Akiambiwa "mfanyishe mazoezi nyumbani" bila kuonyeshwa zoezi lipi, kwenye kazi ipi, saa ngapi, amepewa lawama tu. Naamini dakika kumi za kumwonyesha bibi namna ya kufundisha kifungo zina faida kuliko karatasi ya mazoezi yenye picha ishirini.

Shule nayo ina sehemu yake. Shule ya kwanza aliyopelekwa mtoto huyu, ambayo sitaitaja, ilimtaka aandike kwa kulia kama wenzake, na alipochelewa akaitwa mvivu. Alipohama, mwalimu mpya alimwachia penseli mkono wa kushoto, kisha akamwonyesha kuweka kigasha cha kulia juu ya daftari lisiteleze. Ni jambo dogo, na ndilo mkono msaidizi.

Husemwa kwamba ubongo wa mtoto ni laini, utajirekebisha. Ni nusu ya ukweli. Kadiri masomo yanavyopanda, yanaweza kujitokeza matatizo ambayo hayakuonekana chekechea: kuchoka upesi, kupoteza umakini, kutafuta neno kwa muda mrefu. Mwalimu wa darasa la tatu asiyeambiwa habari ya kiharusi ataona utundu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma na wenzake, na haki hiyo huanza kwa mzazi kumwambia mwalimu bila kuona haya.

Mazoezi yote haya hayana maana kiharusi cha pili kikija, na kwa mwenye selimundu asiye na kinga huja mara nyingi, hasa miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Kuongezewa damu kwa ratiba au dawa ya haidroksiurea ya kila siku ndiyo ngao, kadiri daktari atakavyoamua. Kliniki isikosekane, hata kama mtoto anaruka kamba.

Kuhusu ugali, nimemwambia jirani yangu wazi: adabu ni ya mtu mwenye uwezo wa kuchagua mkono. Hata dini humsamehe mwenye udhuru. Wageni waambiwe mlangoni, kabla ya kunawa, ili mtoto asijieleze mwenyewe.

Juu ya vifungo tulimuuliza mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Alishauri bibi aanze, mtoto amalize, ili aliyefika mwisho awe mtoto. Sasa bibi anamwamsha robo saa mapema. Anafunga vitatu vya juu, anarudi kwenye chai yake, anageukia dirishani. Viwili vya chini ni vya mtoto. Jumatano honi ilipolia kilikuwa kimebaki kimoja, na dereva akasubiri.