Akirudi, Mimi Nahama

Nilifariki siku ya Jumatano, baada ya alasiri, na habari za kifo changu nilizipata kwa simu yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji pale gatini Lamu, nikingoja punda.

"Halo," ilisema sauti ya mwanamke, ya upole, ile sauti ya mtu aliyevua viatu mlangoni mwa matanga. "Naomba kuongea na jamaa wa marehemu Mohamed."

"Inna lillahi! Mohamed gani?"

"Mohamed Ali Mohamed."

"Ndiye mimi."

Kimya. Nikasikia feni ikizunguka upande wa pili.

"Yule aliyeomba kazi ya stoo?"

"Ndiye mimi, dada."

Simu ikakatwa.

Ngoja nirudi nyuma, maana hata mimi nilihitaji kurudi nyuma ndipo nielewe nimekufaje.

Tangu 2016 nilikuwa mtu wa stoo kwenye nyumba ya wageni ya mzee mmoja mtaa wa Mkomani. Mtu wa stoo kwa jina tu. Nilibeba mizigo, nilivuka kwa boti kuwapokea wageni uwanja wa ndege wa Manda, nilifukuza paka jikoni, na kila asubuhi nilimweleza Mzungu mpya kwa nini punda alilia chini ya dirisha lake saa tisa usiku na kwa nini atalia tena kesho. Mwenye nyumba tulimwita Ami. Machi 2020 Corona ikaingia nchini, wageni wakakatika kama maji ya mfereji. Ami akatukusanya, akatulisha wali wa nazi na changu wa kukaanga, kisha akatwambia hana tena cha kutulipa. Hakuna aliyemlaumu. Mimi nikashika kazi ya kupakia saruji na mchele kwenye punda.

Miaka miwili baadaye nikasikia hoteli moja ya Malindi inatafuta karani wa stoo. Walitaka sivii, cheti cha tabia njema, na watu watatu wa kuulizwa habari zako. Shuleni tulifundishwa kuwaita warejelewa, na mwalimu alilitamka neno lile kwa heshima, kama kwamba kila mtu anao nyumbani kabatini. Wa kwanza nikamuweka shemeji yangu, ambaye angeniapia hata kwamba nimewahi kurusha ndege. Siku hiyo simu yake ilikuwa rehani kwa muuza duka. Wa pili mwalimu wangu wa sekondari, ambaye miaka yote "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa", lakini cheo chake kinapendeza kwenye karatasi. Wa tatu Ami.

Sikumwambia Ami. Mtu nimekula kwake miaka minne, hasemi uongo, hakosi sala, kila alasiri yuko barazani pale pale. Nikaona kumpa taarifa ni kama kuipa bahari taarifa kwamba kutakuwa na maji kujaa.

Nilichosahau ni jina.

Lamu jina la kitambulisho ni la polisi na la kura. Mimi naitwa Tasi. Nilipokuwa na miaka saba nilimshika tasi kwa mkono mtupu, na mwenye kumjua samaki huyo anajua miba yake ina sumu. Nililia kutoka ufukweni mpaka kwa mama, na mji mzima ukatoka milangoni kuangalia. Lakabu ikaganda siku hiyo. Ami alinilipa miaka minne akiandika kwenye daftari lake "Tasi", na ninaamini alidhani baba yangu ndiye aliyenipa jina hilo. Ama akina Mohamed Ali, wako tele: kuna mshonaji, kuna wa duka la halua, kuna aliyekwenda Oman, kuna wawili wasioongeana kwa sababu ya barua ya benki.

Na kulikuwa na mmoja, nahodha mkongwe, aliyefariki Ijumaa iliyotangulia baada ya isha. Mungu amrehemu. Mohamed Ali Mohamed.

Yaliyofuata nimeyapata kwa kijana muuza kahawa, aliyekuwa amesimama pale barazani na dele lake, na huyo hasahau neno wala deni. Simu ya Ami ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, na sikio lake moja limelala, kwa hiyo simu zote huzipokea kwa spika. Ukimpigia Ami umepiga baraza nzima.

"Mzee, habari ya jioni. Napiga kutoka Malindi. Ni kuhusu Mohamed Ali Mohamed. Ameacha jina lako kama mtu anayemjua vizuri."

Ami akaweka finjani chini, akatengeneza kofia. Marehemu alikuwa na mke wa zamani Malindi, na baraza ilikuwa inamsubiri ajitokeze tangu siku ya maziko. Ameacha jina lako! Wote wakajua ni mambo ya wasia.

"Uliza, bibi."

"Mlifanya kazi pamoja?"

"Sana. Toka ujana."

"Kwa muda gani?"

"Miaka arubaini na kitu."

Sivii yangu ilisema minne. Yule dada, kama alivyonieleza baadaye, alidhani ni mtandao.

"Na upande wa uaminifu? Pesa, mali?"

"Hana deni la mtu. Tulisimama msikitini tukauliza mbele ya watu wote, nani anamdai. Hakujitokeza hata mmoja."

Akaandika: *hesabu zake zimekaguliwa hadharani.*

"Anaelewana na wenzake?"

"Bibi, watu walijaa mpaka nje kwenye ndia."

"Basi kwa nini aliacha kazi?"

"Moyo."

"Moyo wa kazi ulimwisha?"

"Ulimwisha ghafla," akasema Ami, na sauti ikamkwama kidogo. "Hata sisi hatukutarajia. Alikuwa amekula vizuri."

"Alitoa notisi?"

Hapo wazee wakatazamana. Watu wa bara wana maswali. "Hapo hakuna notisi, bibi," Ami akajibu kwa subira. "Ukiitwa umeitwa."

Akaandika: *aliitwa na mwajiri mwingine.*

"Swali la mwisho, mzee. Leo hii akirudi, utampokea?"

Muuza kahawa anaapa kwamba hata punda aliyekuwa akipita alisimama.

"Akirudi?"

"Ndiyo. Akirudi kwako."

"Bibi, akirudi, mimi nahama mji huu."

"Wallahi!" baraza ikaitikia. Mmoja akaongeza kwamba Ami atamkuta yeye yuko Mokowe tayari, na viatu mkononi.

Dada wa watu akashtuka. Kwa miaka aliyofanya kazi ile amesikia waajiri wakisema mengi, lakini wa kuhama mji hajamsikia. "Kwani aliwafanyia nini, mzee?"

"Hakutufanyia lolote, maskini! Tumemzika Jumamosi."

Ndipo akatafuta nambari iliyokuwa kwenye sivii, atoe pole kwa familia, na familia ikapokea ikiwa juu ya saruji.

Alipiga mara ya pili baada ya robo saa, na nilisikia kuna mwanamume kando yake. Akaniuliza nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama. Nikajibu zote. Akasema sawa, njoo Jumatatu kwa usaili, lakini uje na kitu cha maandishi kutoka kwa mwajiri wako, kitu kinachosema ulifanya kazi kwake. Wewe, akakazia, si mwingine.

Niliacha saruji pale pale, nikaenda barazani. Ami alinitazama muda mrefu.

"Kumbe wewe una jina," akasema.

"Samahani Ami, ndilo langu."

"Toka lini?"

Nikamwomba radhi kwa kutomwambia, akanisamehe, kisha akanilaumu, kisha akanisamehe tena kwa kuwa adhana ilikuwa karibu. Nikamweleza habari ya cheti. Hili ni jambo ambalo wengi tuliofanya kazi majumbani na hotelini hatulijui, na tunaondoka mikono mitupu: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha kazi unapoondoka, ukiwa umefanya wiki nne mfululizo au zaidi. Jina lako, kazi yako, siku ya kuanza, siku ya kumaliza. Akikataa makusudi ni kosa lenye faini au kifungo.

"Na kukusifu je? Sheria yanilazimisha?"

"Hapana, Ami. Sifa ni hiari yako."

"Sheria nzuri sana hiyo," akasema, upesi kuliko nilivyopenda.

Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa chuoni ulioinama. Muhuri wa nyumba ulikuwa umekauka tangu Corona, akauamsha kwa tone la kahawa, ukatoka wa hudhurungi na harufu ya tangawizi. Cheti kilisema kila kitu kinachotakiwa kisheria, na chini yake, kwa kuwa Ami hapendi kazi nusu: "Anajulikana kwa jina la Tasi. Nathibitisha kwamba mpaka naandika waraka huu, asubuhi ya Alhamisi, yu hai."

Jumapili nikaondoka. Habari ilikuwa imeshazunguka Langoni na Mkomani, imekwenda mpaka Shela na kurudi. Nilipoingia kwenye boti ya Mokowe, vijana wa gatini wakapunga mikono: "Marehemu! Safari njema, marehemu!" Mama mmoja wa bara aliyekuwa amekaa nami akainuka taratibu na kikapu chake, akahamia mbele kwa nahodha. Njia ya Witu na Garsen kuna vizuizi, askari wanaingia kwenye basi kuangalia vitambulisho. Wa kwanza aliponiuliza jina nikamjibu, "Mohamed Ali Mohamed, mzima wa afya." Akanishusha. Alipekua begi langu lote, akanusa cheti, akauliza kwa nini barua ya kazi inanukia tangawizi.

Malindi nilifika usiku. Asubuhi nikapiga pasi shati kwa binamu yangu, nikaenda hotelini. Vijana wa ufukweni walinisalimia "ciao" mpaka nikaanza kuitikia.

Yule dada alikuwa mtu wa bara, lakini alikuwa ameishi pwani muda wa kutosha: nilipoingia, aliniangalia miguu kwanza, kabla ya uso. Nikavuta suruali kidogo juu aone vizuri kwamba ni nyayo za binadamu, si kwato za jini. Akapumua. Akasoma cheti mpaka mwisho, akarudia mstari wa mwisho, akaniambia lazima ampigie tena mzee, utaratibu ni utaratibu. Akaweka spika. Ile baraza yote ikaingia ofisini.

"Mzee, napiga tena. Sasa naulizia Tasi."

"Aa, Tasi! Si ungesema Tasi! Yeye nani hamjui?"

Nikaketi vizuri.

"Mkono wake safi. Senti haipotei. Lakini bibi, kabla ya chai ya asubuhi usimuulize kitu, hana majibu. Na paka."

"Paka?"

"Nilimuweka afukuze paka. Alikuwa akiwapa changu wazima, kisha anaandika kwenye daftari 'wameharibika'. Miaka minne. Paka wangu walikuwa hawawezi kuruka ukuta."

Baraza ikacheka. Dada hakucheka, alikuwa anaandika, na alipofika kwenye paka aliandika kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nasoma kalenda ukutani, mwezi mmoja baada ya mwingine.

"Na huyu, mzee, akirudi, utampokea?"

Nikasikia dele likigonga finjani, mtu akikohoa, punda mbali.

"Huyu akirudi," akasema Ami, "sihami."

Dada akakata simu. Akaweka mbele yake karatasi mbili, ya Jumatano na ya siku ile, akaziangalia kwa zamu.

"Kusema kweli," akaniambia, "kama ni kuchagua, ningemchukua yule wa kwanza." Akafunga kalamu. "Lakini wewe unaweza kuanza kesho."