Moto Niliouwasha Mwenyewe

Mpwa wangu wa miaka 14 hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa riwaya za George R. R. Martin, ilhali mimi nimezimaliza zote zilizochapishwa katika mfululizo ule. Kwa hiyo tulipofungua A Game of Thrones: The Card Game, mchezo wa kadi uliotokana na riwaya hizo, toleo la pili lililotoka mwaka 2015, nilijipa ualimu bila kuombwa. Kwa saa nzima nilimweleza kwamba anayetangulia kufikisha pointi 15 za mamlaka ndiye mshindi, kwamba kila mchezaji ana kadi 7 za njama ambazo hufunua moja kila raundi, na kwamba (hapa niliinua kidole) mtu akishachagua, hakuna kurudi nyuma.

Nilishika ukoo wa Stark, yeye akashika Lannister. Eddard Stark ni miongoni mwa wahusika wanaojilimbikizia mamlaka kwenye kadi zao kila wanaposhiriki pambano na kushinda, na wangu alikwisha kubeba pointi 6, nyingine 7 zikiwa kwenye kadi ya ukoo. Zilibaki 2 tu. Nikafunua njama ya moto wa kijani ili nimmalize kijana.

Kadi ile nilikuwa nimeisoma juujuu. Nilidhani kila mchezaji huchagua wahusika wake watatu wa kuteketezwa, basi nikamsukuma mbele mbwa mwitu mmoja na watumishi wawili, kwa huzuni ya kuigiza. Mpwa wangu aliivuta kadi, akaisoma polepole akifuata mistari kwa kidole, kisha akasema kwa adabu, "Samahani mjomba, hao watatu unaowachagua ndio wanaopona."

Nilidai kwamba nilikuwa nampima. Hakubishana; aliinua kidole tu, vilevile nilivyoinua changu. Eddard akaenda kwenye rundo la wafu na pointi zake zote 6.

"Kwani kitabuni anapona?"

Sikumjibu. Katika kadi mbili nilizovuta mara baada ya hapo, moja ilikuwa nakala ya pili ya Eddard, ambayo kanuni hazikubali ichezwe maadamu mwenzake yumo rundoni. Nikabaki nayo kama ufunguo wa nyumba iliyoungua. Hata hiyo haikudumu: kijana alinishinda katika pambano la hila, ambalo humtoza aliyeshindwa kadi ya mkononi kwa kubahatisha. Alifumba macho, akachomoa moja, akaigeuza.

"Mjomba, huyu si tulishamzika?"