Sikukuu ni ya Nani? Maneno Machache Kutoka Augsburg

Mji ninaoishi, Augsburg, kusini mwa Ujerumani, una sikukuu 14 kwa mwaka, nyingi kuliko mji mwingine wowote nchini humu. Berlin wanazo 10. Ndugu zangu wa Morogoro wakisikia hivyo husema, "Basi nyie mnakula raha." Raha ipo, ila si ile wanayoiwaza wao. Siku ya sikukuu ukitoka nje saa nne asubuhi utadhani watu wamehama mji. Maduka yamefungwa, supamaketi zimefungwa, hata wauza misumari na rangi wamefunga. Kama jana hukununua mkate, imekula kwako, labda ukimbilie kituo cha mafuta au stesheni ya reli, na huko bei zimepaa.

Kingine kinachomchanganya mgeni ni kwamba sikukuu nyingi za Wajerumani si za nchi nzima. Kila jimbo linapanga zake, na mpaka wa dini wa karne ya 16 bado unaonekana kwenye kalenda. Majimbo yenye Wakatoliki wengi kama Bavaria hupumzika tarehe 1 Novemba, Watakatifu Wote. Kaskazini kwa Walutheri wanapumzika siku moja kabla, tarehe 31 Oktoba, kumkumbuka Martin Luther. Tarehe 15 Agosti, Kupalizwa Bikira Maria, ni kali zaidi. Bavaria yenyewe imegawanyika: halmashauri yenye Wakatoliki wengi kuliko Waprotestanti inapumzika, isiyo nao inakwenda kazini. Kati ya halmashauri 2,056, zaidi ya 1,700 zinapumzika, na hesabu hiyo inatokana na sensa. Munich wamelala, Nürnberg wako ofisini, na kati yao ni mwendo wa saa moja tu kwa treni. Hebu fikiria pale Morogoro mjini Kihonda wanakula sikukuu halafu Msamvu wanafanya kazi!

Sikukuu ya taifa, ile ya serikali kuu hasa, ni moja tu: tarehe 3 Oktoba, siku nchi mbili zilipoungana mwaka 1990. Wengi wetu tungedhani wangechagua tarehe 9 Novemba, siku Ukuta wa Berlin ulipofunguka mwaka 1989. Lakini tarehe hiyohiyo mwaka 1938 Wanazi walichoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi, na hakuna mwenye akili angepiga ngoma siku hiyo. Basi wakachukua tarehe ya makaratasi, na imebaki hivyo, sikukuu ya makaratasi. Sherehe rasmi huhama jimbo kila mwaka, kama kilele cha Mwenge wa Uhuru kinavyohama mkoa kwetu Tanzania. Mwaka 2024 ilikuwa Schwerin. Viongozi wanahutubia, bendi inapiga, wengine wote wanakwenda kutembea msituni. Hakuna gwaride, hakuna halaiki ya watoto wa shule, hakuna ndege za kivita juu ya uwanja. Mtu aliyezoea tarehe 26 Aprili au 9 Desemba zetu anaona kama kapunjwa.

Mimi sikuona hivyo. Gwaride nalipenda, ila ninakumbuka pia mwaka 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru, akaagiza watu wafanye usafi na fedha ziende kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Wengine walinung'unika, wengine walishangilia. Uhuru haukupungua hata punje.

Kuna sikukuu moja ambayo Wajerumani waliiuza, na mimi ninaishi kwa fedha zake. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka 1995 ilipoanzishwa bima ya matunzo, ile inayosaidia kumlipia mzee asiyeweza kuoga au kula mwenyewe, waajiri walilalamika kwamba nusu ya mchango inawaangukia wao. Ikaamuliwa wafidiwe kwa siku moja zaidi ya kazi. Siku ya Toba na Sala, Jumatano ya mwezi wa Novemba, ikaondolewa kwenye sikukuu za mapumziko karibu nchi nzima. Jimbo la Saxony pekee lilikataa kuiachia, na hadi leo wafanyakazi wa huko wanachangia bima hiyo zaidi ya wenzao. Si mara nyingi utasikia nchi imekaa mezani ikasema: chukueni sikukuu yetu, watunzeni wazee wetu. Kwetu mzee anatunzwa na binti au mkwe, bila bima wala mshahara, na sikukuu kwake huyo mtunzaji ndiyo siku ya kuchoka kupita zote.

Ndipo lilipo neno langu. Katiba ya Ujerumani imebeba kifungu cha mwaka 1919 kinacholinda Jumapili na sikukuu kama siku za kupumzika kutoka kazini. Ndiyo maana keshia wa supamaketi analala kwake siku hiyo, na mshahara wake haukatwi. Sisi wa hospitali, mabasi na nyumba za wazee tunaingia zamu, lakini tunalipwa nyongeza, na sheria ya kodi inaisamehe nyongeza hiyo hadi asilimia 125 ya ujira wa saa. Krismasi na Mei Mosi hadi 150. Kila mtu anajua nani anafanya kazi ili mwingine apumzike, na anajua inagharimu kiasi gani.

Nyumbani sikukuu tunaijaza watu, ngoma na pilau, lakini nani anapumzika? Mwenye ajira ya ofisini. Bodaboda anakesha. Mangi hafungi duka. Mama lishe anawasha jiko saa tisa usiku. Dada wa kazi ndiye aliyemenya vitunguu na kuosha masufuria ya wageni thelathini, na watoto wakipewa mkono wa Idd yeye anaambiwa "tutaonana mwisho wa mwezi". Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili kwa kila saa. Waulize walinzi wa mtaani kwenu kama wameishika hela hiyo.

Tarehe 8 Agosti inanichekesha kila mwaka. Sisi ni Nane Nane. Augsburg ni sikukuu ya amani, ambayo haipo mahali pengine popote Ujerumani. Waprotestanti wa hapa walinyimwa ibada zao tarehe hiyo mwaka 1629, na mwaka 1650, vita vya miaka thelathini vilipokwisha, wakaanza kuifanya siku ya shukrani. Sasa ni ya wote. Mbele ya ukumbi wa mji hupangwa meza ndefu, kila mtu anakuja na chakula chake na kugawana na jirani asiyemjua. Hiyo ndiyo siku pekee ninayomwona Mjerumani akila kwenye sahani ya mtu mwingine bila kuombwa mara tatu. Wakati huohuo Morogoro, kwenye viwanja vya Nane Nane, kuna mabanda ya Pwani, Tanga na Dar, kuna vumbi, spika kila kona, ng'ombe wa maziwa wa maonesho na foleni ya nyama choma. Ni sikukuu ya wakulima, na wakulima wengi wako palepale wakiuza.

Kwenye jambo moja Wajerumani wangekuja kwetu kusoma. Sikukuu zao za dini ni za Kikristo tu. Tanzania Mwislamu anapumzika Ijumaa Kuu, Mkristo anapumzika Maulid, na sahani za pilau zinavuka ua pande zote. Hapa Idd naiombea likizo, na ratiba ya zamu inatoka wiki nyingi kabla mwezi haujaandama. Msimamizi wangu, mtu mwema kabisa, aliniuliza kwa nini nisimwambie tarehe sasa hivi. Tumepatana: mimi nashika zamu ya Krismasi, wenzangu wananiachia siku mbili za Idd, na ikiangukia ya kwanza au ya pili nimo.

Najua jibu la wengi: duka likifungwa, mwenye duka atakula nini? Kweli, Mangi hana wa kumlipa siku ya kupumzika, na sitaki polisi wamfungie kibanda. Basi tuanze na wale wenye mwajiri anayejulikana, hasa tunapokuwa waajiri sisi wenyewe. Kwetu tumekubaliana kwamba dada wa kazi hashindi kwetu sikukuu wala haingii jikoni. Anakwenda kwao Kilosa na nauli na ujira wake wa siku hizo. Mwaka jana pilau alipika kaka yangu. Iliungua chini, mama akalalamika hadi magharibi, na sufuria likaoshwa na yeye kaka mwenyewe.