Chupa Isiyofunga

Naanza na mshahara, maana ndio unaokifanya kisa hiki kiwe cha aibu. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tarehe 25 mshahara unaingia, haujawahi kunipiga chenga. Nyumbani nina friji na jiko la gesi la plate mbili. Ukipanga foleni ya mafukara wa Temeke mpaka ikafika Mbagala, mimi simo.

Ramadhani ile mke wangu alikuwa kwao Tanga. Mimba ya kwanza, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa bibi yake, hakuna mjadala. Nikabaki na jiko langu tunatazamana. Siku ya kwanza nilipika uji, ukatoka madonge ya kuweza kupigia mtu. Siku ya pili nikala mgahawani, usiku nikashika kikokotoo. Futari 5,000, daku 3,000, mara siku 30: shilingi 240,000. Wengine wangeona ni gharama za kawaida za mfungo. Mimi niliona hasara.

Siku ya tatu nikafuturu msikitini.

Jamani, msikiti wa mtaani kwetu unafuturisha. Kila nyumba inatuma chake. Mnakaa watu sita kwenye sinia moja: magimbi ya nazi, viazi vitamu, maharage, tambi za sukari, kalimati zinazong'aa kwa shira, na katikati samaki mmoja ambaye kila mtu anamwonea haya. Uji wa pilipili manga unaletwa kwa ndoo. Na nilikula kwa roho safi kabisa, kwa sababu tumefundishwa kwamba anayemfuturisha aliyefunga hupata thawabu mfano wa zake, wala za mfungaji hazipungui. Mimi nimefunga, wao wanataka thawabu. Tulikuwa tunafanya biashara.

Shida ilianza nilipoona vinavyobaki. Magimbi nusu sinia, ndoo ya uji ina robo, kalimati za kulisha kikosi. Nikajiambia: vikimwagwa hivi ni israfu, na israfu ni dhambi. Kesho yake nikaja na hotpoti ndani ya begi la mgongoni, kuzuia dhambi. Kesho kutwa nikaongeza chupa ya chai kwa ajili ya uji. Moyo uliposita niliutuliza kwa elimu. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba imetaja aina nane za watu wanaostahili zaka, na mmoja wao ni msafiri aliyekwama. Mke wangu yuko safarini, mimi nimekwama. Ukituunganisha, tunampata mmoja.

Sasa ile chupa. Ilikuwa zawadi ya harusi, na mfuniko wake haukuwahi kufunga sawasawa. Zamani ungeziba kwa kipande cha rambo ukaendelea na maisha, lakini tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kupata rambo la kuzibia chupa ni mpaka ujuane na watu. Mimi nilikuwa naizungushia leso.

Usiku wa kumi na mbili nilichelewa kuondoka. Ikaqimiwa isha, kisha tarawehe, nami ningetokaje mbele za watu na begi limevimba hivyo? Nikaliegemeza kwenye nguzo mbele yangu, nikanuia. Rakaa nne za mwanzo zilikwenda salama. Ya tano, tukiinuka, ukingo wa kanzu yangu ukalikokota begi, likalala ubavu. Nikasikia glu, glu, glu. Umewahi kusikia kitu ambacho unakijua ni chako, na huruhusiwi kugeuza hata shingo? Imamu alikuwa amechagua sura ndefu. Uji ukatoka kwenye zipu taratibu, ukaanza safari kuelekea safu ya mbele, ukisindikizwa na harufu ya pilipili manga.

Mbele yangu alisimama mzee wa makamo, mweka hazina wa msikiti. Imamu akasema Allahu Akbar. Tukarukuu. Tukainuka. Tukasujudu. Nikasikia mzee anavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga mwiba. Alipoinuka, ndevu zake zilikuwa zinadondosha. Na mzee wa watu ana adabu ya swala, akasujudu tena palepale. Mabega ya safu nzima yakaanza kutikisika, maana kucheka kunabatilisha swala na kila mtu alikuwa anapigania yake. Watoto wa nyuma hawakupigania chochote.

Baada ya salamu begi likafunguliwa hadharani. Chupa ikatoka. Hotpoti ikatoka. Ndani yake magimbi, kalimati, na sambusa tatu nilizokuwa nimezifunga kwenye tishu kama dawa. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi. Mzee akajifuta ndevu, akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini ambayo msikiti mzima uliisikia:

"Mwanangu, hali imekuwa mbaya hivi na wewe umenyamaza tu?"

Hapo ndipo mtu mkweli angesema, "Mzee, mimi nina mshahara." Mimi nilitazama chini. Mtu akaguna kwa huruma. Mwingine akaniombea dua.

Kesho yake jioni bajaji ikasimama mlangoni kwangu. Vijana wawili wa kamati wakashusha mchele kilo tano, unga, sukari, mafuta na pakiti ya tende, majirani wote wako barazani wanahesabu. Baba mwenye nyumba akaniita pembeni: "Kama kodi inakusumbua, tuongee." Kodi nilikuwa nimeshalipa ya miezi sita.

Siku mbili baadaye simu kutoka Tanga. Kumbe mke wa mwadhini ni mtu wa Ngamiani, kwa mama mkwe wangu ni kama mlango wa tatu. "Mkwe wangu," akaniambia mama, "usione haya, mambo ya dunia. Nimekupakilia nazi kumi na mbili na samaki wa kukaanga, viko kwenye basi la asubuhi." Akampa simu mke wangu. Mke wangu hakusema kitu kwa muda, kisha: "Mama ananiuliza niliolewa na nani."

Nikaenda kwa imamu kukiri kila kitu, mpaka tarehe ya mshahara. Alinisikiliza akichezea tasbihi.

"Kukaa kwenye sinia huna kosa," akasema. "Futari ni ya aliyefunga, awe tajiri awe maskini. Zaka ya fitri ndiyo ina wenyewe. Wewe ulifunga?"

"Nilifunga, sheikh."

"Basi wewe huna neno. Chupa yako ndiyo haikufunga."

Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Na vile vinavyobaki havimwagwi. Kamuulize mlinzi wa ghala la ng'ambo."

Usiku ule nikabeba mchele, unga, mafuta na nazi zote, nikavuka barabara. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, redio sikioni. Miaka yote, akaniambia, mabaki ya msikiti ndiyo daku yake. Ila mwaka huu alimwona kaka mmoja anafungasha kila siku kwa haraka, anaangalia nyuma kama mwizi. "Nikasema huyu ana shida kunizidi. Nikamwachia."

"Kaka, yule ni mimi, na sina shida yoyote. Nina mshahara mzuri. Mzigo huu ni wako, pokea."

Akanitazama usoni, akatazama viatu vyangu, ambavyo kwa bahati mbaya siku hiyo vilikuwa ndala.

"Wote mnasema hivyohivyo," akasema. "Hata mimi kwetu nasema nina kazi ya ofisini."

Akachukua nazi mbili tu, tena kwa kusihi. Vingine akavisukuma kwa mguu virudi upande wangu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa andazi kwenye gazeti, akalikata vipande viwili, akavipima kwa macho, akanipa kile kikubwa.

"Kula, ndugu yangu. Usione haya."

Nikala. Lilikuwa la jana.