Pankeki za Sinza na kodi ya kibaraza

Shilingi 12,000 kwa pankeki tatu. Tangu mgahawa mpya ufunguliwe kwenye mtaa mmoja wa ndani hapa Sinza, Dar es Salaam, bei hiyo imekuwa salamu ya kijiweni. Vijana wa bodaboda wanaihesabu kwa abiria: upeleke wangapi Mwenge ndipo ule sahani moja. Kina mama wanaihesabu kwa kilo za unga. Upande wa pili wapo wakazi wanaojisikia fahari kwamba sasa mgeni akija hakuna haja ya kumpandisha bajaji hadi Mikocheni ili akakae penye kiti safi na choo chenye maji. Wote wana hoja. Ila mimi naona ubishi wa bei umefunika jambo zito zaidi, ambalo liko nyumba ya pili kutoka hapo, kwenye kibaraza anapouzia mama wa chapati na supu.

Tuimalize bei kwanza, maana ndiyo inayopigiwa kelele. Pankeki ni unga wa ngano, yai, maziwa, sukari, hamira ya unga na siagi kidogo. Ukizipika nyumbani, vitu vya sahani moja havikufikishi shilingi 2,000. Kutoka hapo mtu anaruka moja kwa moja kwenye neno wizi, na hapo ndipo ninapoachana naye. Biashara ikifikisha mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka inapaswa kusajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Kwa bei ya 12,000 hiyo ni kama sahani 46 kwa siku, na siku za Jumamosi nimeona meza zikijaa kiasi cha kuamini kwamba mgahawa huu hauko mbali na hapo. Ukishasajiliwa, katika kila sahani karibu shilingi 1,830 inakwenda serikalini. Kuna gesi, umeme, mishahara na mlinzi wa usiku. Halafu kuna pango. Kisheria mpangaji wa biashara anakata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, lakini wenye nyumba wengi hawataki hata kulisikia hilo. Wanataka hela yao kamili mkononi, basi ile kumi anaibeba mpangaji juu ya kodi yenyewe.

Kwa hiyo sioni wizi. Naona biashara ya kawaida ya Dar es Salaam, na asiyetaka kula hapo hajalazimishwa na mtu.

Ninapowaunga mkono wanaolalamika ni kwenye sirapu, ile sharubati nzito ya kumiminia pankeki. Chupa iliyo mezani inavutia kwa rangi yake ya kahawia, lakini ukiigeuza na kusoma maandishi madogo ya nyuma unakuta sukari ya mahindi, rangi na ladha ya kutengenezwa. Sirapu halisi hutoka kwenye utomvu wa mti wa maple, nyingi yake jimbo la Quebec huko Canada, na huhitajika lita kama 40 za utomvu kuchemshwa ili kupata lita moja. Hakuna atakayekuwekea hiyo mezani kwa bei ya Sinza, na wala sidai. Swali langu ni kwa nini asali haipo kabisa. Tanzania iko miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa asali Afrika, na asali ya Tabora na Singida inauzwa madukani mjini hapa. Mtu anayekulipa 12,000 anastahili kuchagua kati ya hiyo na maji ya sukari yaliyotiwa rangi.

Lipo na suala la nyama. Kwenye orodha ya vyakula kuna sahani ya pankeki na vipande vya nyama iliyokaangwa, bila kutaja ni nyama gani. Sinza, mtaa uliojaa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hilo si swali dogo. Majirani Waislamu wameuliza kama bamba la kukaangia ni hilo hilo moja, na mhudumu akajibu kwamba nyama ni ya ng'ombe. Nimesimama pale mbele nikaangalia: bamba moja pana la gesi, mpishi anamimina uji wa unga kwa upawa, anasubiri vitundu vitokeze juu na kingo zianze kukauka, anageuza mara moja tu. Nyama inakaangwa pembeni ya bamba hilo hilo. Kama ni ya ng'ombe, basi karatasi moja ukutani ingemaliza minong'ono yote. Mpaka sasa haijabandikwa. Wanaosema majirani wanatafuta visingizio wanakosea. Hao ni wateja waliokuwa tayari kuingia.

Wapo pia wanaosema pankeki ni uzungu, sisi tuna chapati za maji. Hoja hii inanichekesha kidogo. Chapati ya maji ni unga wa ngano, yai, maji na sukari, na pwani nzima watoto wamekulia hiyo na chai ya rangi. Zanzibar kuna vibibi, vya unga wa mchele na tui la nazi, ambavyo mgahawa wowote wa pankeki ungeweza kuviweka kwenye orodha na kuuza kwa bei ya heshima. Ngano yenyewe, ya chapati na ya pankeki, sehemu kubwa tunaiagiza nje. Vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza mwaka 2022 na bei ya unga ikapanda, walioumia walikuwa wote, wa jiko la mkaa na wa bamba la gesi.

Malalamiko ya majirani wa karibu ni mazito zaidi, na huwa hayasikiki kwa kuwa wenye nayo si watu wa kijiweni. Ni wazee waliokuja hapa viwanja vikiwa vipya. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliopewa fedha na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vilikuwa vidogo, vya watu wa kipato cha chini wajenge wenyewe polepole. Barabara za ndani zilikatwa kwa watu wa kutembea kwa miguu, hazikukatwa kwa magari manne kuegeshwa pande zote mbili siku ya Jumapili. Mzee wa nyumba ya mkabala ameshindwa kutoa gari lake kwenda kanisani kwa sababu mteja aliziba geti. Chemba ya maji machafu ya ile nyumba ilichimbwa kwa ajili ya familia, na sasa inahudumia choo cha wateja na jiko la mgahawa, kwa hiyo gari la kunyonya linakuja mara kwa mara na harufu yake haichagui nyumba.

Jibu la wanaoutetea mgahawa ni kwamba Sinza iliacha kuwa mtaa wa makazi tupu zamani sana. Kuna baa, nyumba za wageni, saluni, na muziki unaopigwa hadi alfajiri. Mgahawa huu hauuzi pombe na saa tatu usiku unafunga. Ni kweli, na kama ningetakiwa kuchagua jirani kati ya hao wote ningechagua pankeki bila kufikiri mara mbili. Lakini ubaya wa baa hauzibui geti la mzee. Suala la maegesho lingemalizwa na mlinzi mmoja mwenye sauti, anayelipwa na mgahawa, siku mbili za wiki. Chemba inahitaji hela zaidi, na hilo liko kwa mwenye nyumba.

Na sasa kibaraza.

Mama wa chapati anawasha jiko alfajiri. Chapati ni 500, bakuli la supu ya ng'ombe 3,000, ndimu na pilipili bure. Saa moja asubuhi benchi lake limejaa: bodaboda, mafundi ujenzi, makonda wanaosubiri zamu. Mtu anaikunja chapati mara mbili, anaichovya, anakula amesimama, anaondoka. Ikifika saa nne anaosha masufuria. Mgahawa wa pankeki unafunguliwa saa mbili na wateja wake wanaanza kuonekana saa nne, wengine saa sita kabisa. Kwa hiyo ile hofu iliyosikika mwanzoni, kwamba pankeki zitamnyang'anya wateja, haina msingi. Tena amepata wateja wapya: wahudumu wa mgahawa wenyewe wanapita kwake kunywa supu kabla ya kuingia kazini, wakiwa wameshavaa aproni.

Kinachomtishia ni kodi. Mwaka 2021, machinga na mama lishe walipoondolewa kando ya barabara, wengi waliingia kwenye vibaraza vya nyumba za watu, na yeye ni mmojawapo. Analipa shilingi 80,000 kwa mwezi. Mgahawa ulipofunguliwa na magari yakaanza kuonekana, madalali walianza kupita nyumba hadi nyumba wakiwaambia wenye nyumba kwamba mtaa umepanda. Mwenye nyumba wake amemwambia kwamba mkataba ukiisha, kibaraza kitafungwa kiwe fremu ya duka, na fremu itakuwa 250,000, miezi sita mkononi. Hiyo ni milioni moja na nusu kabla ya kuuza chapati hata moja.

Mwenye mgahawa hajafanya kosa lolote hapo. Hajamfukuza mtu, na pengine hajui hata jina la mwenye nyumba huyo. Mwenye nyumba naye ana maelezo yake: ni mstaafu, pensheni ni ya kuhesabu, na ile nyumba ndiyo shamba lake. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo bei ni makubaliano yake na mpangaji. Unaweza kumlaumu kwa haraka yake, ila sioni kwa nini yeye peke yake, kati ya wote wanaofaidi kupanda kwa mtaa, aambiwe awe na huruma.

Wengine wanasema mama huyo akakope. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Sina neno baya juu yake, lakini mkopo ni wa mtaji, na yeye hakupungukiwa mtaji. Kukopa ili umlipe mwenye nyumba miezi sita ni kufanya kazi ya mtu mwingine.

Limetolewa wazo moja ambalo mimi nalipenda kuliko mengine yote. Ua wa mbele wa mgahawa unakaa bure kuanzia alfajiri hadi saa mbili, viti vikiwa vimepangwa juu ya meza. Mama auzie pale saa hizo, alipe kiasi wanachokubaliana, aondoke kabla ya wateja wa pankeki kuingia. Mgahawa ungepata sehemu ya pango lake kwa saa ambazo haziuzi kitu. Wapinzani wapo: baadhi ya wakazi wanaoupenda mgahawa wanasema utapoteza hadhi, na mwenye mgahawa hajakataa ila ameuliza kuhusu moshi wa mkaa na mafuta sakafuni.

Hadhi sina la kuisemea. Mteja wa saa nne hajui ua ulikuwa na nani saa moja. Moshi ni swali la haki. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa mwisho wake, na mama huyu atafikiwa tu. Tatizo ni kwamba mtungi wa gesi wa kilo sita hauchemshi supu ya kongoro kwa saa tatu kila siku bila kula faida yote. Chapati anaweza kuhamishia kwenye gesi hata kesho. Supu aipike usiku nyumbani kwake, kama wafanyavyo wenzake wengi, aje nayo ikiwa moto kwenye sufuria lililofunikwa, pale iwe ni kupasha tu. Kilichobaki ni bei ya ua kwa mwezi, na nani ataosha sakafu.