Video Safi Kuliko Zote Walukuba

Dada yangu alipoolewa hapa Walukuba, Jinja, Baba alinipa kazi moja tu. "Wewe ndiye unayejua mambo ya simu. Nataka video safi. Si kama ile ya kaka yako, watu nyuso zote uji."

Harusi ya kaka ilirekodiwa zamani na kamera ya kukodi, ikaishia kwenye VCD. Picha ya VCD ni pikseli 352 kwa 288, basi. Ukiivuta ijae kwenye televisheni ya leo, bwana harusi ni kivuli chenye kanzu, na macho yake unayakisia. Mama hukaa mbele ya kioo akibishana na nafsi yake kama yule wa kushoto ni marehemu babu au ni gunia la mchele.

Kuhusu hizo sifa zangu za kujua simu, niseme ukweli: siku moja nilimzimia Shangazi tochi ya simu iliyokuwa ikiwaka tangu juzi yake. Tangu hapo ukoo mzima ukaniita Injinia. Nami sikukataa.

Nikaazima simu kubwa ya shemeji, nikaingia kwenye mipangilio ya kamera, nikachagua kila kilichokuwa juu kabisa. 4K, nikaweka. Fremu 60 kwa sekunde, nikaweka. Halafu palikuwa na swali kama nataka "ufanisi wa juu". Nani hukataa ufanisi? Nikabonyeza. Sikujua kwamba ufanisi wenyewe ni kodeki ya HEVC, ile wanayoiita pia H.265, inayobana video ichukue karibu nusu ya nafasi ya H.264, kodeki iliyoitangulia, bila picha kuharibika. Ni kitu kizuri sana, mradi mashine ya upande wa pili iwe imewahi kukisikia.

Nikarekodi dakika 40. Kwa mpangilio ule simu ilimeza karibu megabaiti 400 kila dakika, na ikapata joto ambalo kijana wa rolex, zile chapati za mayai, pale stendi angekaangia mayai. Jumla gigabaiti 16. Nilijisikia mtu mkubwa. Hata Mjomba alipokuwa akilalamika kwa sauti kwamba sambusa zimeisha kabla ya kufika meza ya wanaume, mimi sikusikia njaa.

Jumamosi iliyofuata watu wakataka kuona. Televisheni ya nyumbani ni ndogo na ukoo ni mkubwa, kwa hiyo Shangazi akaongea na jirani mwenye kibanda cha video, vile ambavyo Watanzania huviita vibanda umiza. Mlango wa bure, ila tulete chai na mandazi.

Shida ya kwanza ilianzia kwenye flashi. Ilikuwa ya gigabaiti 32, faili langu 16. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, inaingia na kubaki. Lakini kompyuta ikagoma: faili ni kubwa mno. Nikafuta kila kitu, pamoja na mawaidha yote ya Mama ya mwezi wa Ramadhani (hilo tuliongea baadaye, kwa kirefu). Bado ikagoma. Kumbe flashi ilikuwa imepangwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4 hata kama nafasi imebaki tele. Nikaikata harusi vipande vitano, kama mtu anayegawa mbuzi, nikakimbilia kibandani.

Ukoo ulikuwa umeshakaa. Wanawake mbele kwenye mabenchi, wazee kwenye viti vya plastiki, watoto chini. Madirisha yamezibwa kwa magunia, projekta inavuma kama nyuki. Mwenye kibanda akachomeka flashi kwenye laptopu yake, mkongwe wa kuheshimiwa, akabonyeza.

Vigelegele vikajaa kibanda. Sauti safi, hata ungesikia Bibi akikohoa upande wa pili wa hema. Picha: giza. Giza tupu, jeusi, la 4K.

"Umeme?" akauliza Baba.

"Umeme upo, Mzee," akasema mwenye kibanda. "Injinia, hii umeleta nini?"

"MP4," nikasema kwa kujiamini. "MP4 inachezwa kila mahali."

Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyejiandikia dawa. "Ndugu yangu, MP4 ni sanduku. Sanduku nimelipokea, nimelifungua. Nguo zilizomo ndizo laptopu yangu haijui kuzivaa. Mashati ya sauti inayajua, hiyo suruali ya picha ndiyo inaiona leo."

Ukoo ukageuka wote kunitazama. Hapo ndipo VJ wa kibanda, kijana ambaye kila jioni hutafsiri filamu za Wachina papo hapo, akaona msiba wangu ni nafasi yake. Akashika maiki.

"Naaaam! Sasa bibi harusi anaingia, amevaa nyekundu!"

"Hakuvaa nyekundu!" Bibi akafoka. "Alivaa kijani!"

"Amekwenda kubadilisha!" VJ akajibu bila kumeza mate. "Huyoo, anarudi na kijani!"

Bibi akatulia, karidhika. Gizani sinia likaanguka, kwaaa! Kijana wa watu akasahau aliko: "Risasi! Wamevamia! Bwana harusi analala chini!" Mama wa bwana harusi akasimama na kumwomba Mungu. Sauti ya shehe ilipoanza kumuuliza bwana harusi kama amekubali, VJ akaongeza besi: "Bosi wa kundi anamwambia, toa jibu au hutoki hapa ukiwa mzima." Baba alicheka mpaka chai ikampitia puani. Nilikuwa sijamwona Baba akicheka hivyo tangu nizaliwe, na kwa uchungu niliokuwa nao sikupata hata nafasi ya kufurahi.

Mwishowe Shangazi akatoa simu yake. Alikuwa amerekodi dakika tatu, akazirusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, nayo WhatsApp huibana video kabla haijasafiri. Tukaishusha, ikawekwa ukutani. Nyuso uji mtupu, miraba miraba kama sakafu ya msikiti. Watu wakapiga makofi. "Hii ndiyo video," akasema Mama, akinitazama mimi.

Nilirudi nyumbani na hasira za kuelimika. Nikapakua HandBrake, programu ya bure, nikaiambia igeuze vipande vyote: H.264, 1080p, fremu 30, ndani ya sanduku lilelile la MP4. H.264 ipo tangu 2003, hata televisheni ya kusukumwa na upepo inaijua. Faili la 4K nikaliacha lilivyo kwenye diski, maana ukishapunguza hurudishi. Kazi ikachukua usiku mbili, kwa kuwa usiku wa kwanza umeme ulikatika ikiwa imefika asilimia 91, na betri ya laptopu yangu ni pambo.

Jumapili ya wiki iliyofuata nikawaita sebuleni. Ikacheza. Safi! Unaona nyuzi za gomesi ya Shangazi, unaona jasho kwenye pua ya bwana harusi. Baba akaniwekea mkono begani.

Kipande cha tatu, dada anakata keki. Nyuma yake, mbali kidogo lakini bila ukungu wowote, Mjomba na koti lake juu ya kanzu. Anachukua sambusa, anakula. Anachukua nyingine, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, mfukoni. Nyingine, mfukoni. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. "Nne! Tano! Sita!" Kwenye ya saba doa la mafuta likaonekana likitambaa kwenye mfuko wa koti, taratibu, fremu 30 kwa sekunde.

Sebule ikawa kimya. Mjomba akakohoa, akainuka, akanishika mkono mpaka nje kwenye mwembe.

"Injinia," akasema kwa sauti ya chini, "ile ya WhatsApp unayo bado? Ile ilikuwa na heshima."